Helmeti nzima, ya kufunuka, ya uso wazi au nusu: ipi itakaa kichwani mwako, Mwanza

Kwenye maduka mengi ya spea helmeti hupangwa kwa rangi na kwa bei. Saizi huulizwa mwishoni, tena kwa mdomo tu: "Unataka kubwa au ya kati?" Pesa nyingi hupotelea hapo. Helmeti ya bei kali inayopwaya inakulinda kidogo kuliko ya bei ya kati iliyokaa sawasawa. Pikipiki ikilala chini, kazi ya kwanza ya helmeti ni kubaki kichwani, na ya pili ni kubaki imeelekea mbele. Iliyozunguka ikaacha kisogo wazi, au iliyochomoka kabla kichwa hakijafika kwenye lami, haina tofauti na kutovaa.

Ndiyo maana tunaanza na kichwa kabla ya kulinganisha aina.

Pima, usikadirie

Chukua tepu ya fundi cherehani. Izungushe sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio, ifike kwenye kisogo pale palipotokeza zaidi. Rudia mara tatu ukiipandisha na kuishusha kidogo, uandike namba kubwa kuliko zote. Kama huna tepu, tumia kamba ya kiatu isiyovutika kisha uilaze kwenye rula. Mpangilio wa kawaida wa saizi ni huu:

| Mzunguko wa kichwa (sm) | Saizi |
|---|---|
| 53–54 | XS |
| 55–56 | S |
| 57–58 | M |
| 59–60 | L |
| 61–62 | XL |
| 63–64 | XXL |

Viwanda hupishana kwa sentimita moja hivi, kwa hiyo M ya kampuni moja inaweza kuwa L ya nyingine. Soma karatasi iliyoshonwa ndani ya helmeti yenyewe, maana mara nyingi huwa na sentimita zimeandikwa.

Nywele nazo zinahesabiwa. Anayesuka rasta au yeboyebo apime akiwa na mtindo anaokaa nao muda mrefu, na kama hubadilisha kila wiki, achague saizi inayobana vizuri na nywele fupi kisha asuke mitindo inayolala. Fundo la nywele utosini huinua helmeti nzima juu, paji la uso linabaki wazi na mkanda wa kidevu unashindwa kukaza. Kilemba kinene kivuliwe. Mtandio mwepesi uliolala bila fundo hauna shida, ila pini zitolewe kwanza: helmeti ikigonga kitu, pini ndiyo inayotangulia kuingia kwenye ngozi.

Sentimita hazitoshi peke yake, kwa sababu vichwa viwili vya sentimita 58 vinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Mwambie mtu akupige picha kwa simu kutoka juu, nywele zikiwa zimelala. Kuna kichwa kirefu kutoka paji hadi kisogo na chembamba kwenye panja, kuna cha mviringo ambacho urefu na upana vinakaribiana, na kuna cha katikati. Helmeti nyingi za soko la Ulaya na Marekani zimetengenezwa kwa umbo la katikati. Nyingi za soko la Asia, na dukani hapa ni nyingi, zina ndani ya mviringo zaidi. Mwenye kichwa kirefu akivaa ya mviringo atabanwa katikati ya paji la uso huku pembeni akiweza kupenyeza kidole. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa ndefu atabanwa kwenye panja na juu ya masikio, mbele na nyuma pakiwa na nafasi. Makosa hayo mawili hutibiwa vibaya kwa njia moja: mtu anapanda saizi. Maumivu yanaisha, lakini sasa helmeti inapwaya kote kwingine. Dawa yake ni kubadilisha modeli.

Jinsi ya kuijaribu dukani

Shika mikanda miwili ya kidevu, ivute kwa nje ili mdomo wa helmeti upanuke, anzia kwenye paji la uso halafu ishushe kuelekea kisogo. Helmeti mpya inayokutosha huingia kwa shida kidogo, masikio yakikunjwa njiani. Ikiingia kama kofia ya mtumba, ni kubwa.

Ikishaingia, sponji ya mbele ikae juu kidogo tu ya nyusi na macho yawe katikati ya dirisha. Mashavu yasukumwe juu kidogo. Ukiongea unaweza kujing'ata shavu kwa ndani, na hilo ni jambo la kawaida kwa helmeti mpya. Sasa funga mkanda, shika helmeti kwa mikono miwili, igeuze kushoto na kulia huku shingo ukiikaza. Ngozi ya mashavu na ya paji ifuatane nayo. Ikiteleza juu ya ngozi na macho yako yakabaki yanatazama sponji, iweke chini.

Jaribio la kuchomoka ndilo wauzaji wengi hawalipendi. Mkanda ukiwa umefungwa, inamisha kichwa, mtu mwingine aingize vidole chini ya ukingo wa nyuma wa helmeti na kuivuta juu kuelekea mbele, kwa nguvu bila kukuumiza. Ikivuka nyusi na kuelekea puani, itachomoka kwenye ajali. Wengine hufikiri mkanda uliokazwa sana unatosha kuzuia hilo. Hautoshi. Mkanda unashika chini ya kidevu, lakini kinachozuia helmeti isibiringike kwenda mbele ni jinsi ganda lilivyoshika kisogo, na hilo linategemea saizi na umbo.

Kisha kaa nayo dakika 20, hata kama muuzaji ananung'unika. Sehemu mbaya haionekani dakika ya pili. Ukiivua, jitazame kwenye kioo cha pikipiki: wekundu au alama iliyosambaa sawa ni kawaida, ila doa moja linalouma katikati ya paji au kwenye panja ni dalili ya umbo kutolingana. Hilo halilegei kwa kuvaa. Kinacholegea ni sponji ya mashavu, ambayo hupungua unene wiki za mwanzo, wakati ile foamu nyeupe ngumu iliyo nyuma ya sponji haibadiliki hata kidogo mpaka siku ya ajali. Kwa hiyo kubana mashavuni kunavumilika, kubana kwenye paji hakuvumiliki.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, tuseme sentimita 58.5, jaribu ndogo kwanza. Kama paji haliumi, chukua hiyo, na uulize kama sponji za mashavu zinatoka na kama zipo nyembamba zake. Kama paji linauma, chukua kubwa na uweke sponji nene za mashavu za modeli hiyohiyo. Fundi wa viti asikuongezee sponji laini utosini ili L ikae kama M. Sponji laini hupondeka ghafla, kichwa kinasafiri ndani ya helmeti kabla ya kukutana na foamu ngumu, na njiani kinapata nafasi ya kuzunguka. Na wale wanaokwangua foamu nyeupe kwa kisu ili kichwa kiingie wanatoa kile hasa walichonunua.

Aina dhidi ya aina

*Helmeti nzima*, yaani inayofunika hadi kidevu, ina uzito wa kilo 1.3 hadi 1.6 hivi. Uchunguzi wa ajali uliofanywa Ujerumani ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya mapigo kwenye helmeti hutua eneo la kidevu na taya, na aina zilizo wazi mbele haziwezi kufanya lolote hapo. Faida nyingine ni ya kukaa: sponji za mashavu ni ndefu na zinashika uso kwa eneo kubwa, kwa hiyo helmeti nzima ya saizi sahihi ndiyo ngumu kuliko zote kuzunguka. Hasara zake Mwanza ni joto na maneno. Dereva wa boda aliyeegesha Buzuruga au Igoma saa saba mchana anataka kuongea na abiria, kupokea simu na kunywa maji. Ndiyo maana wengi huivaa ikiwa imepandishwa utosini, na hapo inakuwa mzigo tu. Tafuta yenye matundu ya hewa ya kidevuni na ya juu yanayofunguka kweli. Mengi ya helmeti za bei ya chini ni mapambo: fungua sponji uangalie kama tundu limepenya foamu nyeupe mpaka ndani. Kama kwa ndani pamezibwa, hakuna hewa itakayopita.

*Ya kufunuka*, ile ambayo kidevu chake hunyanyuka, inaonekana kuwa jibu la matatizo hayo yote, na kwa msafiri wa kwenda Geita au Bunda mara moja kwa wiki ni chaguo zuri. Kwa boda wa mjini tuna mashaka nayo. Ni nzito zaidi, kilo 1.6 hadi 1.9, na uzito huo uko mbele, kwa hiyo shingo inauona ifikapo jioni. Pia kufuli lake limetengenezwa kufunguliwa mara chache kwa siku, si kila abiria anapouliza nauli. Kufuli lenye ndoano za chuma hudumu, la plastiki hulika likaanza kuachia lenyewe kwenye matuta. Ukiinunua, ijaribu kidevu kikiwa kimefungwa, kwa sababu ikiwa wazi karibu kila kichwa kinaingia. Ukiifunga ikagusa ncha ya kidevu chako, hiyo si yako.

*Ya uso wazi*, yenye kioo kirefu kinachoshuka hadi kidevuni, ndiyo iliyoshika soko, na kwa haki yake: ina uzito wa kilo 1.0 hadi 1.3, hewa inapita, mtu anakusikia. Kisogo, panja na masikio vinafunikwa sawa na helmeti nzima. Kinachokosekana ni kidevu, na wengi wanadhani kile kioo kinasaidia hapo. Kioo ni cha upepo, mvua na wadudu. Kwenye kukaa, aina hii hudanganya zaidi ya zote, kwa sababu mdomo wake ni mpana na huvalika kirahisi hata ikiwa ndogo au kubwa. Jaribio la kuchomoka usilikwepe hapa.

*Nusu*, inayoishia juu ya masikio, haistahili kulinganishwa sana. Panja ziko wazi, kisogo kiko wazi nusu, na kwa kuwa haina sponji za mashavu, haina kinachoishika isipokuwa mkanda. Afadhali ya uso wazi ya bei ya chini yenye saizi yako kuliko nusu yoyote ile. Kofia ngumu za ujenzi na za mgodini zisiingizwe kabisa kwenye hesabu hii. Zile hutengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, zina nafasi tupu na mikanda badala ya foamu, na pigo la ubavuni hulipokea bila kulipunguza.

*Ya krosi*, yenye kidevu kilichochongoka na ubao wa kuzuia jua, inapendwa na vijana kwa sura. Hewa ni nyingi sana. Ila haina kioo, inategemea miwani mikubwa ya mpira, na ule ubao hushika upepo. Ukipita juu ya Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 na ushei juu ya maji bila kizuizi cha upepo, ubao huo unakuvuta kichwa upande mmoja kila upepo wa ziwa unapobadilika. Kwa barabara za vumbi za ndani ya Sengerema na Magu ni nzuri, mradi mwendo uwe wa wastani. Abiria asivae hii: ubao wake unagonga kisogo cha dereva kila breki inaposhikwa.

Mara chache kwenye mtumba huibuka helmeti nene yenye kioo cha tabaka mbili, kizibo cha mpira kinachofunika pua ndani, na tundu dogo la waya pembeni mwa kioo. Hiyo ni ya pikipiki za kutelezea kwenye theluji. Waya ni wa kupasha kioo moto kisigande, na kile kizibo kinapeleka pumzi chini isiweke ukungu. Ina ganda zuri mara nyingi, lakini matundu yake ya hewa ni machache kwa makusudi. Kwa hali ya Mwanza utajipika.

Kwa dereva anayefanya kazi mchana kutwa, chaguo letu ni helmeti nzima nyepesi yenye matundu ya kweli. Ikimshinda kabisa kwa sababu ya kazi, basi ya uso wazi iliyofaulu jaribio la kuchomoka. Helmeti nzima iliyopandishwa utosini ni mbaya kuliko uso wazi iliyofungwa.

Kioo, mvua na wadudu wa ziwani

Kioo cheusi hakifai baada ya saa kumi na mbili jioni, na anayebaki barabarani hadi usiku anapaswa kuwa na cheupe. Mvua za vuli na masika huleta ukungu kwa sababu pumzi ya moto hukutana na kioo kilichopoa. Sabuni ya mche ikipakwa nyembamba kwa ndani kisha ikafutwa kwa kitambaa kikavu hadi isionekane, husaidia kwa siku moja au mbili. Tundu la kidevuni likiachwa wazi husaidia zaidi.

Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa mawingu kama moshi hutapakaa kwenye kioo dakika chache tu ukiwa barabara ya pwani. Usiwasugue wakiwa wakavu, maana utakwaruza. Laza kitambaa chenye maji juu ya kioo dakika tano, walainike, kisha futa. Petroli, mafuta ya taa na thina visiguse kioo wala ganda: plastiki hupata nyufa nyembamba usizoziona, na foamu nyeupe huyeyuka kabisa ikiguswa na petroli. Kioo kilichokwaruzika kinabadilishwa, kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama kioo cha modeli hiyo kinauzwa peke yake.

Kifungo cha mkanda

Kuna vitatu. Pete mbili za chuma ni imara kuliko vyote na hukaza kwa kiasi unachotaka kila unapovaa. Mkanda hupita ndani ya pete zote mbili, ukarudi juu ya ile ya nje na kupita ndani ya ile ya pili. Ukipita pete zote bila kurudi hautashika, na kosa hilo ni la kila siku kwa abiria. Cha meno, unachosukuma ulimi wa plastiki ukaingia na kulia *ta-ta-ta*, ni cha haraka na kinafaa kwa boda. Shida yake ni mchanga: meno yakijaa vumbi hayashiki yote, kwa hiyo osha kwa maji na mswaki kila wiki, na urefu wa mkanda urekebishwe upya sponji zikishalegea. Cha tatu ni klipu ya plastiki kama ya begi la shule. Hukauka kwa jua na kukatika, na urefu wake mara nyingi huteleza wenyewe. Helmeti nzuri yenye klipu ya begi ni nadra kuiona, na hilo peke yake linakueleza kitu.

Kifungo chochote kiwe, kati ya mkanda na kidevu viingie vidole viwili vilivyobanana, si zaidi. Angalia pia ribiti zinazoshika mkanda kwenye ganda. Vuta kila upande kwa nguvu. Ribiti inayocheza au iliyoshika kutu ni sababu ya kuiacha dukani.

Ganda na alama

Plastiki dhidi ya fiberglasi ni mjadala usiohitaji muda mrefu. Plastiki nzuri hupita vipimo vilevile. Fiberglasi huwa nyepesi kidogo na huvumilia jua zaidi, ila ni ghali. Swali la maana ni kama kiwanda kimetumia ganda moja kwa saizi zote. Wakifanya hivyo, S inatengenezwa kwa kuongeza sponji laini ndani ya ganda la XL. Siku ya kwanza itakubana vizuri, na baada ya miezi michache itapwaya kuliko nyingine yoyote. Utaitambua kwa kuweka S na XL bega kwa bega: kama kwa nje zinalingana, tofauti iko kwenye sponji.

Alama ya Ulaya ni herufi E na namba ndani ya duara, imeshonwa kwenye lebo, mara nyingi kwenye mkanda. Namba ya pembeni ya E ni nchi iliyotoa kibali: 1 Ujerumani, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania, 11 Uingereza. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, ambayo ni toleo la kanuni, na 06 ni jipya zaidi. Tazama herufi baada yake: P maana yake kidevu kinalinda, J maana yake ni uso wazi, NP maana yake kidevu kipo lakini hakilindi. P/J kwenye ya kufunuka ina maana imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. NP kwenye helmeti inayofanana na nzima ni mtego, na wengi hununua bila kujua.

DOT, alama ya usalama ya Marekani, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kujithibitisha kabla ya kuuza, na kwa kuwa stika za DOT huuzwa peke yake, stika pekee haikuambii lolote. Lebo halali ya nyuma ina jina la mtengenezaji, modeli, neno DOT, "FMVSS No. 218" na "CERTIFIED". Ukikuta DOT tupu imebandikwa, sukuma sponji pembeni upime foamu ngumu. Iwe karibu sentimita 2.5. Helmeti yenye uzito wa nusu kilo ambayo ndani ina sponji ya godoro peke yake ni mapambo, hata iandikwe nini nje.

Mpya au mtumba

Kwenye mtumba wa Mlango Mmoja na kwingineko unaweza kuokota helmeti ambayo ikiwa mpya usingeigusa kwa bei. Tatizo ni kwamba saizi iliyoandikwa haisemi kweli tena. Sponji zimeshachukua umbo la kichwa cha mwingine, kwa hiyo M iliyotumika mara nyingi huvaliwa na mwenye L. Usiende na tepu tu, rudia majaribio yote. Toa sponji, tafuta tarehe ya kutengenezwa, kisha pitisha vidole kwenye foamu nyeupe. Mahali palipopondeka na kung'aa, ufa, au kipande kilichogundishwa ni ushahidi wa pigo, na foamu hiyo hufanya kazi mara moja tu. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kila baada ya miaka 5 hata bila ajali, kwa sababu gundi na sponji huchoka kwa jasho. Ikinuka petroli, iache. Nje panaweza kupakwa rangi pakapendeza, kwa hiyo rangi mpya kwenye helmeti kuukuu ni sababu ya kutazama mara mbili.

Kwa kipimo chetu, mtumba unafaa kama sponji za modeli hiyo zinapatikana mpya. Kama hazipatikani, ya bei ya kati mpya inashinda.

Ya abiria

Hapa dereva ananunua kwa kichwa asichokijua. Helmeti moja ya L kwa abiria wote itawapwaya wengi, hasa wanawake na vijana. Ukiweza kubeba mbili, ziwe za uso wazi, M na L, zenye kifungo cha meno kwa sababu abiria hawezi kuhangaika na pete barabarani. Nzima kwa abiria husababisha vichwa kugongana kwenye breki, na wengi huikataa kwa kuhofia mapunye na jasho la mwenzake. Kofia nyembamba ya pamba ya kuvaa chini inaondoa hofu hiyo bila kubadilisha saizi, mradi iwe kitambaa kimoja tu. Nunua kadhaa, zioshwe kila jioni.

Mtoto hawezi kuvaa ya mtu mzima hata mkanda ukazwe vipi. Kichwa chake ni sentimita 49 hadi 54, na ziko helmeti za watoto kwa vipimo hivyo. Ya baiskeli haifai kwa mwendo wa pikipiki.

Sponji za helmeti zote zitolewe na kuoshwa kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, zikauke kivulini kabisa kabla ya kurudishwa. Zikirudishwa na unyevu, gundi huachia na zinaanza kukunjana ndani, na helmeti iliyokuwa saizi yako inaanza kukubana upande mmoja. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kwani ncha yake hutoboa na kupondaponda foamu polepole mahali pamoja, siku baada ya siku. Juu ya tangi palipo na petroli iliyomwagika si mahali pake pia. Itundike kwa mkanda wake kwenye ndoano iliyo chini ya siti, au ibebe mkononi.